Nilisema Mnyooshe

Kama mkono wako umelala na wewe uko macho, haya nimekuandikia wewe. Na kama una mtoto au mjukuu aliyevaa gwanda, nimekuandikia wewe zaidi, hata kama presha yako ni nzuri na mdomo wako uko mahali pake.

Naitwa Paskazia. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitafute hapa habari za mishipa na damu, hizo waulize madaktari. Mimi kiharusi nakijua kwa upande wa ndani ya blanketi. Naandika kwa penseli, ukurasa mmoja kwa siku, kwa sababu Hamza wa chumba cha mazoezi aliniambia mkono usiopewa kazi unarudi kulala. Mwanzo niliandika jina langu tu. Halafu majina ya wajukuu. Majina yakaisha, ikabaki aibu. Ndiyo ninayoiandika.

Nyumbani kwangu ni Muleba, upande wa Kamachumu, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoniachia marehemu mume wangu. Hapo ndipo nilipomlea Novatus, mtoto wa mwanangu wa kwanza. Wazazi wake walikufa miaka ile ambayo kwetu nyumba nyingi zilibaki na bibi na watoto tu. Nilimlea kwa ndizi na maharage mpaka akawa mrefu kuliko mlango, na alipomaliza mafunzo ya polisi nikaitundika ukutani picha yake ya gwanda. Mtakatifu Yosefu nilimshusha kidogo ili picha ienee.

Kijijini wakaanza kuniita Bibi Afande. Wengine walinitania, mimi nikalipokea kama cheo. Mbuzi wa mtu akiingia kwenye maharage yangu, nilisimama njiani nikauliza, "Nimpigie Novatus?" Mwenye mbuzi alikuja mbio kuomba radhi. Nililitumia gwanda la mtoto wa watu kama fimbo ya kufukuzia kuku. Sikuona ubaya. Niliona ni malipo ya kulea.

Ilikuwa msimu wa kuvuna kahawa. Nilikuwa na magunia mawili yaliyokauka vizuri, nimeyaweka chumba cha nyuma. Asubuhi moja nafungua mlango, hakuna kitu. Nikakumbuka jana yake nilimwona Switbert akipita pembeni ya kibanja changu na gunia begani. Switbert ni jirani yangu, mtu wa miaka arobaini hivi, ana watoto watatu. Wakati wa kahawa huchuma kwa watu, na kukiwa na harusi yeye ndiye mkamuaji wa lubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Hakuna harusi pale kijijini ambayo mikono yake haikuinywesha.

Nikampigia Novatus simu. Yeye yuko Bukoba mjini, amepanga chumba Kashai.

"Mwana wange, nimeibiwa kahawa."

"Na nani, bibi?"

"Switbert."

"Una hakika?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

Macho yangu yaliona gunia. Kilichokuwa ndani hayakukiona. Lakini mtu mwenye polisi nyumbani anaona mpaka ndani ya gunia.

"Njoo umnyooshe," nikasema.

Neno hilo mnalijua. Ukilisema halina damu. Mwalimu anamnyoosha mwanafunzi, mama anamnyoosha mtoto, tunacheka, tunaendelea kumenya ndizi.

Alifika saa sita mchana kwa pikipiki, na gwanda lake. Macho mekundu. Nikampa ndizi akasema hana njaa. Nikamwambia alale kidogo kwanza, akasema akilala ni vibaya zaidi. Sikuuliza ni vibaya vipi. Nilikuwa na haraka ya kahawa yangu.

Switbert aliitwa, akaja mwenyewe kwa miguu yake. Aliulizwa gunia lilikuwa na nini. "Majani ya mbuzi, afande." Novatus hakuuliza mara ya pili.

Sitaandika yote. Nitaandika yangu. Nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, na watu wamejaa uani. Novatus alimpiga rungu mara tatu, kisha akasimama. Hilo nataka lijulikane, kwamba alisimama. Akageuka kunitazama, vile vile alivyokuwa akinitazama utotoni akiwa na jembe, kuuliza kama panatosha. Na mimi, mbele ya watu wote wale, nikasema, "Mnyooshe!"

Basi akaendelea. Switbert aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, na nikausikia mfupa. Ulilia kama ukuni unaovunjiwa gotini.

Siku ya nne nilikwenda jiko la zamani kuchukua majani makavu ya migomba ya kuwashia moto. Chini ya majani nikakuta magunia mawili. Nikayajua kwa fundo. Mimi gunia langu hulifunga kwa kamba ya mgomba, mafundo mawili na kitanzi, na hakuna mwingine afungaye hivyo. Ndipo ikanirudia kama ndoto: mvua ilitisha jioni ile ya kuamkia siku niliyokuta chumba kitupu, paa la chumba cha nyuma linavuja, nikayaburuta mwenyewe mpaka jikoni. Nikasahau kabisa, kama aliyefutwa.

Daktari alikuja kuniambia baadaye kwamba mara nyingine presha humpiga mtu kidogo kidogo kabla ya kumpiga sana, na inaweza kumsahaulisha. Nimefurahia maneno yale kwa muda mrefu. Lakini presha ilinisahaulisha gunia tu. Yaliyofuata niliyafanya nikiwa na akili zangu zote.

Nilinyamaza. Mkono wa Switbert umefungwa vijiti kienyeji, mke wake anapita njiani ameinamisha kichwa, na mimi kila siku nikawa nachota beseni moja kutoka jiko la zamani, nakwenda kulimwaga juu ya mkeka wa kahawa mpya, nachanganya kwa mkono. Nilitaka magunia yale yaishe duniani, hata mimi nikiulizwa siku ya mwisho nisiweze kuyaonyesha. Gunia la kwanza liliisha hivyo. La pili nilikuwa nimefika beseni la tano au la sita.

Siku hiyo jua bado liko juu, niliona mkeka unanijia. Nasikia wengine husema walianguka. Mimi sikuanguka, mkeka ndio ulikuja. Nikataka kuita, mdomo ukatoa "aba, aba."

Hospitalini Bukoba mkono wa kulia ulikuwa umefumba ngumi. Muuguzi alifungua kidole kimoja kimoja, punje za kahawa zikadondoka kwenye shuka.

"Waitu! Bibi huyu anapenda kazi," akawaambia wenzake.

Wakacheka kwa huruma. Nililia kwa jicho la kushoto. La kulia lilibaki linatazama dari.

Sasa wewe mwenzangu uliyepigwa, nikuambie yanavyokuwa. Kiharusi kinakugawa. Upande mmoja ni wako, upande mwingine ni mgeni asiyejua kula. Uji unaingia kushoto unatokea kulia. Utautafuta mguu kitandani utadhani ni wa mtu aliyelala na wewe. Binti yangu Imelda, niliyemfunga nepi, alinifunga mimi nepi. Siku ya kwanza nilimpiga kwa mkono mzima. Usifanye hivyo. Ukikataa, utalala kwenye mkojo pamoja na heshima yako, na asubuhi vyote viwili vitanuka.

Na foleni. Utakaa kwenye benchi la kupima presha mpaka presha yenyewe ichoke kukungoja. Lakini kwenye benchi kuna watu. Mama mmoja wa Rubafu, hatujuani, aliona mate yananitoka. Akachukua ncha ya kitenge chake akanifuta, bila kuniuliza, na bila kuacha kunisimulia jinsi nyani walivyomaliza mahindi yake. Hakunitazama kwa huruma hata kidogo. Mungu amlinde na nyani.

Nilipotoka wodini wanangu walibishana nikae kwa nani. Imelda ameolewa Nshambya. "Nyumba si yangu peke yangu, mama," alisema, na macho yake yakakimbia. Nikaenda kwa Novatus, Kashai, chumba kimoja na sebule. Imelda alikuja asubuhi kunisafisha, Novatus akanilisha akitoka kazini.

Hapo ndipo nilipomwona mjukuu wangu. Miaka yote nilikuwa nikiitazama picha yake ukutani.

Kijiko kilikuwa kinagonga meno yangu. Nikadhani ni mimi ninayetetemeka, kumbe ni yeye. Kila akirudi, alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba akasugua buti ambazo tayari zinang'aa. Anapaka dawa, anasugua, anapaka tena. Siku moja jirani aliangusha sufuria, Novatus akasimama wima, mkono kiunoni panapokaa rungu, na kifuniko cha dawa ya viatu kikaviringika mpaka mtaroni. Akakaa tena, akacheka peke yake. Mezani kulikuwa na vichupa vya pombe kali ambavyo aliviita dawa ya kikohozi. Hakuwa anakohoa.

Kazini malalamiko ya Switbert yalikuwa yamefika kwa wakubwa wake. Aliniambia huku akinifuta kidevu: "Usiogope, bibi. Nimeandika maelezo kwamba mtuhumiwa alikutwa na mali ya wizi akataka kukimbia. Wewe ndiye shahidi wangu. Ukipona mdomo utasema."

Nikamshukuru Mungu kwa mdomo wangu uliopinda.

Mazoezi yalianza pale hospitalini mvua za vuli zilipoanza. Chumba ni kimoja, kina kitanda, ngazi mbili za mbao, na bomba la chuma la kushikilia ukutani. Hamza ndiye mwenye chumba. Ni Mwislamu wa mjini, babu yake alitoka pwani akaoa Bukoba, ana utani kama dawa.

"Bismillahi, bibi. Kunja. Nyoosha. Kunja. Nyoosha! Mkono huo si wa bure, nyoosha!"

Mara ishirini kila upande, siku mbili kwa wiki. Hebu fikiri. Neno lile lile. Kila alipolisema niliona mlango wangu, na mimi nimesimama pale mikono kiunoni. Hamza akadhani nalia kwa maumivu. "Pole, bibi, yataisha," alisema.

Mara akaniwekea punje za kahawa kwenye sahani, niziokote moja moja kwa vidole vya kulia nizipeleke sahani nyingine. Nikaisukuma sahani.

"Mhaya anaogopa kahawa?" mzee mmoja kwenye benchi akasema. "Basi ulimwengu umekwisha."

Wakacheka wote. Hamza akaleta maharage.

Senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walipoanza kuanguka, mwezi wa kumi na moja, mlango ulifunguliwa akaingia Switbert.

Mfupa wake uliunga vibaya kule kijijini. Hospitali ilijaribu, ikampeleka kwa Hamza aone kama kiwiko kitafunguka. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjika mbele ya kifua, kama wa mtu aliyebeba mtoto. Benchi lilikuwa limejaa. Nafasi ilikuwa moja, karibu yangu. Akakaa.

"Shikamoo, bibi."

Mdomo ulikuwa umeanza kurudi. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia Imelda chumvi imezidi. Lakini nikasema, "Aba."

"Pole sana," akasema. Kisha, baada ya kutazama ukuta: "Afande hajambo?"

"Aba."

Alikuwa na mfuko wa senene aliowanunua njiani kupelekea watoto. Tulikaa muda mrefu tukingoja zamu. Akaanza kuwachambua na akashindwa, maana mkono mmoja hauwezi kushika na kung'oa mabawa. Mimi pia nina mmoja. Bila kunitazama akaniwekea senene kwenye vidole vyangu vya kushoto. Nikashika, yeye akang'oa mabawa na miguu kwa kushoto kwake. Akaweka mwingine. Tukachambua nusu ya mfuko hivyo, mtu na mwenzake.

"Zamani ninyi wanawake mlikuwa mnachambua tu, wanaume wanakula," alisema. "Leo hata mwanamume amekuwa mchambuaji."

Nikacheka. Cheko langu lilitoka zima, halina kiharusi. Akaniangalia kidogo.

Wiki iliyofuata Hamza alizidiwa na watu. Akapiga makofi: "Leo mnafanya wawili wawili. Mwenye mkono mmoja amsaidie mwenye mkono mmoja. Switbert, wewe una nguvu. Mnyooshe bibi."

Chumba kilikuwa na kelele, lakini mimi sikusikia tena kitu. Switbert alisimama mbele yangu. Najua alilisikia neno lile, kwa sababu alimtazama Hamza kwanza, kisha mimi. Alikuwa na mkono wangu uliokufa kwenye kiganja chake, na hakuna aliyekuwa akitutazama. Angeuvuta tu kwa nguvu, ningelia "aba," na Hamza angesema pole, yataisha.

Aliushika kwenye kiwiko kwa chini, kama unavyoshika yai la kuku anayelalia. Akaunyoosha polepole, akangoja. Akaukunja. Akaunyoosha. "Kumi na moja," alihesabu. "Kumi na mbili. Ukiumia nibane, bibi." Alifika ishirini. Kisha akarudi benchi akaubeba mkono wake mwenyewe.

Ungedhani nilisema siku hiyo. Sikusema. Nilitumia ugonjwa kama nilivyotumia gwanda. Mwezi mzima, akiwepo Switbert mimi bubu, akitoka naongea. Noeli ikapita. Mwezi wa kwanza ukaingia, nikawa natembea na fimbo, natupa mguu. Asubuhi moja pale nje ya hospitali bodaboda alitaka kunikanyaga. Nikageuka nikamtukana. Nilimtukana yeye, pikipiki yake na shule aliyosoma, kwa Kiswahili na Kihaya, bila kukosea neno.

Nikasikia nyuma yangu mtu anacheka. Switbert amesimama na kadi yake.

"Bibi. Kumbe unaongea vizuri kuliko mimi."

Sikuwa na pa kwenda. Mguu wenyewe haukimbii.

"Basi kama mdomo umepona," akasema, na kicheko kilikuwa kimekwisha, "niulize hata habari za mkono."

"Mkono… hajambo?" nikasema. Hata sarufi ilinikimbia.

"Hajambo. Hauwezi kukamua lubisi, hauwezi kupanda ngazi ya kuchumia kahawa, lakini hajambo." Akasogea karibu. "Bibi, mimi afande simdai. Yeye ni fimbo. Fimbo haijipeleki. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Ile kahawa, mimi niliipeleka wapi? Wanangu shuleni wanaitwa wana wa mwizi. Yule mdogo ameniuliza, 'Tata, uliificha wapi?' Niambie basi, ili nimjibu."

Nikatazama fimbo yangu. Akangoja, kama alivyongoja kwenye mazoezi. Kisha akaenda.

Nilirudi Kashai, nikamkuta Novatus kwenye kigoda na buti zake. Nikakaa chini karibu yake, kitu nilichokuwa sijafanya tangu niugue, maana kuinuka ni kazi.

"Kahawa niliificha mimi," nikasema. "Nilisahau. Nikaipata."

Alishikilia buti moja imeingia mkononi kama glavu. "Uliipata lini?"

"Siku ya nne."

"Siku ya nne." Akaiweka buti chini taratibu. "Siku ya nne hata maelezo nilikuwa sijaandika. Bibi! Ulinipa mtu asiye na kosa!"

"Na kama angekuwa na kosa?"

Nyumba ya pili walikuwa wanatwanga kitu, tukausikiliza mchi.

"Unajua nilitoka wapi siku ile?" akasema hatimaye. "Kulikuwa na ajali barabarani. Siku tatu. Tulitoa watu, tukaokota viatu, tukavipanga ili ndugu wavitambue. Viatu vya watoto vilikuwa na soksi ndani. Ukirudi kituoni hakuna anayekuuliza umelala. Wanakuuliza umeandika. Wenzangu wananiambia kunywa kidogo, utazoea." Akasugua macho kwa mgongo wa mkono, akabakiza weusi wa dawa ya viatu shavuni. "Uliponipigia nilifurahi, bibi. Kule barabarani hapakuwa na mtu wa kumpiga. Wewe ukanipa mtu."

Nimesikia mambo mengi katika uzee wangu. Hilo ndilo lililonikalia. Kwa sababu ni kweli, nilimpa. Macho mekundu niliyaona nikaenda mbele.

"Nitasema," nikamwambia. "Nyumbani, kwenye jumuiya."

"Ukisema, maelezo yangu yanakuwa uongo. Naweza kuvuliwa gwanda."

"Najua."

"Umeuza ndizi miaka yote ile ili nilivae."

"Najua, Novatus."

Aliingia ndani akafunga mlango. Siku mbili hakunilisha. Siku ya tatu Imelda alikuja kunichukua, akanirudisha Muleba, ananiuliza njia nzima nimegombana nini na mtoto. Nikamwambia, "Utasikia na wenzako."

Jumuiya yetu ndogo husali Jumamosi asubuhi, kwa zamu za nyumba. Zamu yangu iliangukia mwanzo wa masika. Watu walijaa sebuleni na wengine uani chini ya migomba. Switbert na mke wake walikuja kwa sababu ya sala, wakakaa karibu na mlango. Tangu siku ile alikuwa hajakanyaga kwangu. Baada ya sala kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani ya dawa zikakaushwa. Imelda alizileta kwenye kikapu kidogo. Nikamwambia aziweke kwanza. Nikamwomba aburute lile gunia kutoka jiko la zamani. Lilikuwa nusu, panya wamelila pembeni, lakini fundo ni langu.

Nilisimama kwa fimbo. Mdomo, ambao kwa bodaboda ulikuwa mwepesi, siku hiyo ulirudi kupinda. Nilisema vibaya na polepole, na watu walilazimika kuinama wanisikie. Nilisema kahawa haikuibiwa. Nilisema niliipata siku ya nne. Nilisema nilikuwa naichanganya ili isijulikane, na hapo ndipo ugonjwa uliponikuta. Nilisema, "Novatus alisimama, mimi nikamwambia endelea. Mlinisikia."

"Tulikusikia," mwanamke mmoja akajibu kutoka uani. "Bibi Afande, tulikusikia sana."

"Na sisi tulinyamaza," mzee mwingine akasema, lakini kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemwunga mkono.

Ndipo mtu alipoingia kutoka nje akiwa na shati la kawaida. Nilichelewa kumjua bila gwanda. Novatus alisimama katikati ya sebule, chini ya picha yake mwenyewe.

"Na mimi niliandika uongo," akasema. "Nimeshakwenda kusema kazini. Nimewaambia jana." Akamgeukia Switbert, lakini hakuweza kumtazama usoni, aliutazama mkono. "Hata ungeiba, kaka. Hata ungeiba."

Mke wa Switbert alikuwa analia kwa hasira, si kwa furaha, msikosee. Alisema kwa Kihaya, mbele ya watu, kwamba mtu aliyemvua mwenzake jina hawezi kulirudisha kama anayerudisha sufuria.

Nikachukua kikapu cha kahawa. Nilikitaka kwa mkono wa kulia. Imelda akataka kunisaidia, nikamkatalia. Hamza alikuwa ameninyoosha miezi mitano, na Switbert naye aliuhesabu mkono huu mpaka ishirini. Ukanyooka. Unatetemeka, punje mbili zikaanguka sakafuni, lakini ukanyooka mpaka mbele yake.

Alikitazama kikapu muda mrefu. Kwetu, ukiikataa kahawa ya mtu umemwambia jambo. Ukiitafuna umemwambia yamekwisha. Switbert alinyoosha mkono wa kushoto, akachukua punje moja. Akaigeuza geuza kwenye vidole. Kisha akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Sasa kahawa inaiva tena. Shauri la Novatus kazini halijaisha. Hajui atabaki au ataondolewa. Vichupa sivioni tena mezani, ingawa sijui kama havipo au vimehama. Kila Alhamisi anakwenda kuongea na mama mmoja wa ustawi wa jamii. Mwanzo aliniambia anakaa tu, wanatazamana. Siku hizi anasema anamsimulia habari za viatu. Wewe mwenye mtoto wa kazi hiyo, akija kwako na macho mekundu, mfungie mlango kwa ndani, mpe ndizi, alale. Jirani yako usimpe.

Picha niliishusha. Mtakatifu Yosefu amerudi mahali pake.

Mwaka huu Switbert hachumi kahawa kwa mtu. Nilimtumia ujumbe kwamba wajukuu zangu wa Nshambya watachuma kwake kabla ya kwangu, na amekubali wachume, ila hakusema asante, wala sikuitarajia. Tunakutana bado kwa Hamza mara moja kwa mwezi. Anafanya mazoezi yake, mimi yangu. Hamza akinisifu, "Bibi, mkono umenyooka kama rula," Switbert hutazama dirishani.

Wa kwake haujanyooka. Hamza ameniambia pembeni kwamba hautanyooka. Na kila nikimwona natazama mfuko wa shati lake, najua hata shati si lile lile, lakini natazama kama kifungo kimefunguliwa.